Baiskeli ya Mwalimu na Vikorokoro Vyake

Watu wengi hudhani kwamba mtu akishapata baiskeli amemaliza taabu ya safari. Sivyo hata kidogo. Baiskeli ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni vile vitu vidogo vidogo ambavyo mwenye duka huvitundika ukutani, na mnunuzi hapendi kuviulizia bei kwa kuwa fedha zimekwishia kwenye baiskeli yenyewe: pampu, viraka, kibanio cha suruali, taa, kioo chekundu cha nyuma. Hivyo ndivyo ninavyoviita vikorokoro. Niliendesha baiskeli kwenda kazini tangu mwaka 1972, nilipotoka chuo cha ualimu, hadi mwaka 2009 nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Katika miaka hiyo 37 nimeona baiskeli nzima, ya chuma safi, ikilala nyumbani wiki mbili kwa kukosa kipande cha mpira wa vali kisichozidi urefu wa kidole. Nimeona pia jambo zito kuliko hilo, nami nitalieleza mahali pake.

Sehemu ninayoizungumzia iko kati ya Nzega na Igunga, mkoani Tabora. Mgeni anayepita huko kiangazi ndani ya basi huona nchi tambarare na kusema, "Hapa baiskeli itajiendesha yenyewe." Kweli, milima ya kutisha hakuna. Lakini nchi ile ina maadui watatu wa baiskeli, nao ni mchanga, miiba na udongo wa mbuga. Kiangazi mchanga humeza gurudumu, ikabidi mtu ashuke asukume. Miiba ya migunga hudondoka njiani, na mbigili nazo, zile mbegu zenye pembe kama za mbuzi, hutulia kimya zikingoja tairi. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, na huenda hadi Aprili, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo mpanda baiskeli hupandwa na baiskeli, kwa maana huibeba begani.

Shule niliyokaa muda mrefu zaidi ilikuwa kilomita 9 kutoka nyumbani kwangu. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwalimu asikae karibu na shule yake. Jibu ni nyumba. Mwaka 1977 nchi yetu ilipotekeleza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ule tuliozoea kuuita UPE, watoto walikuja kwa wingi, madarasa yakajengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wakaongezwa, lakini nyumba za walimu zikabaki nyuma. Pale kwetu palikuwa na nyumba mbili kwa walimu saba. Mimi nilikuwa na nyumba yangu ya tofali za kuchoma, mke, watoto, na jaruba za mpunga ambazo mshahara pekee usingeweza kuziba nafasi yake. Kwa miguu, kilomita 9 ni karibu saa mbili. Kwa baiskeli, njia ikiwa kavu, ni dakika 40 au 45. Saa moja na zaidi niliyoiokoa asubuhi, na nyingine jioni, ndiyo iliyoniwezesha kuwa mwalimu na bado nikawa baba na mkulima.

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa Raleigh, chuma cha Nottingham, Uingereza. Niliinunua Tabora mjini kwa mfanyakazi mmoja wa reli aliyekuwa akihama, baada ya kudunduliza kwa miezi tisa. Baadaye nilipanda Phoenix ya Kichina, na mwishoni Hero ya Kihindi. Wenzangu walikuwa na Avon, na wengine Swala za hapa hapa nchini. Mabishano ya ipi bora yalitupotezea mapumziko mengi ya saa nne. Kwa kweli zote zilikuwa za ukoo mmoja: fremu nzito, breki za fimbo za chuma, magurudumu ya inchi 28, na uvumilivu wa punda. Kilichozitofautisha ni jinsi wenyewe walivyozitunza.

Hilo gurudumu la inchi 28 nalidai shukrani za pekee, maana lilinifundishia Hisabati. Vitabu vilikuwa vichache, na Darasa la Sita walikuwa wakikariri 22 kwa 7 bila kujua inatoka wapi. Siku moja nikaigeuza baiskeli uwanjani, nikatia alama ya chaki kwenye tairi, kisha tukaiweka chini na kuisukuma mpaka alama ikagusa ardhi tena. Watoto wakapima mwendo ule kwa kamba. Inchi 28 mara 22 kwa 7 ni inchi 88 kamili, karibu mita 2 na robo. Kwa wale waliokuwa bado na rula za inchi, hesabu ilishuka sawasawa kiasi cha kushangaza, kwa sababu maili moja ni mizunguko 720 bila salio. Kutoka kwangu hadi shuleni, tukakadiria, gurudumu lilizunguka mara 4,000 na ushei. Mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, na jioni linarudi nyuma?" Darasa likacheka, lakini nilimsifu, kwani alikuwa akifikiri.

Hesabu hiyo ilinisaidia na mimi mwenyewe. Raleigh yangu ilikuja na meno 46 mbele na 18 nyuma. Kila nilipozungusha pedali mara moja ilikwenda karibu mita 5 na robo tatu. Kwa barabara ya lami hiyo ni raha. Kwa mchanga wa kiangazi ni kuvunja magoti. Fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe pale Nzega alinifungia gia ya nyuma yenye meno 22. Mwendo ukapungua hadi mita 4 na theluthi mbili kwa kila mzunguko wa pedali, lakini sasa nilipita mahali ambapo zamani nilishuka. Vijana walionipita kwenye barabara ngumu niliwakuta mbele wakisukuma mchangani. Huo ulikuwa ukorokoro wangu wa kwanza, nao ni kachuma kadogo kuliko sahani ya chai.

Wa pili ni mfuko wa viraka. Ulikuwa mfuko wa ngozi nyuma ya kiti, ndani yake mna spana mbili, tyubu ya solusheni, vipande vya mpira, msasa, vipande viwili vya mpira wa vali, na kipande cha sabuni cha kunawia. Pampu ilifungwa kwenye fremu. Kuziba pancha hujifunza kila mtu, lakini kuziba vizuri ni wachache. Njiani hakuna beseni la kutafutia mapovu. Tia upepo kidogo, pitisha tyubu polepole karibu na shavu, nalo shavu litasikia upepo kabla sikio halijasikia. Kwangua kwa msasa mpaka weusi wa mpira ufifie. Paka solusheni, kisha ngoja. Hapo ndipo wenye haraka hupotea, kwa sababu hubandika solusheni ikiwa mbichi, na kiraka hakifiki hata kilomita moja. Ngoja mpaka ikauke, kidole kisinate, ndipo ubandike na kukandamiza. Na kabla hujarudisha tyubu, pitisha vidole ndani ya tairi ukiutafuta mwiba. Aliyeziba tundu akauacha mwiba ndani hajaziba kitu. Kazi yote ni robo saa. Kwa hiyo niliondoka nyumbani saa 12 na robo asubuhi, ingawa kengele ya mstari ilikuwa saa moja na nusu. Ile robo saa ilikuwa ya pancha. Siku isipotumika ilikuwa ya kunawa mikono na kutulia kabla ya kusimama mbele ya watoto.

Dakika nyingine zilikuwa za salamu. Katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma mtu humpigii mzee kengele ukampita kama mbuzi. Unashuka, unasimama, unasema "Mwangaluka", unasikia habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, ndipo unapanda tena. Wazee sita njiani ni dakika kumi. Mwalimu kijana aliyetoka mjini aliniambia huo ni upotevu wa muda. Alipopata pancha mbali na nyumba, bila viraka, akaona wazee wale wale wakimpita kwa adabu, naye akajifunza kushuka.

Nimetaja viraka kana kwamba vilipatikana wakati wowote. Havikupatikana. Walio na umri wangu wanaikumbuka hali baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika na maduka yakabaki na rafu tupu. Tairi ya baiskeli iligeuka kuwa kitu cha kibali. Tulishona tairi zilizochanika kwa uzi wa nailoni, tukaweka ndani kipande cha tairi kuukuu, na juu ya mshono tukafunga ukanda wa mpira. Baiskeli ya namna hiyo hupiga tup, tup, tup, na watoto walitambua kwa mlio mwalimu gani anakuja kabla hawajamwona.

Mwaka 1984 nilikabidhiwa shule, na mtihani wangu wa kwanza wa uongozi haukuwa wa taaluma. Ulikuwa wa mgawo wa tairi nne na tyubu nne. Walimu tulikuwa saba, watano tuna baiskeli, maana yake magurudumu kumi. Nikaitisha kikao. Mwalimu mmoja mwenye cheo akasema mgawo hufuata ngazi, kwa hiyo uanzie juu. Mwingine akataka tupige kura. Wa tatu akasema kila mtu apate tairi moja, na ya tano tutaomba. Nikawasikiliza, kisha nikauliza swali moja: nani anatoka mbali zaidi? Kulikuwa na mwalimu wa Hisabati aliyetoka kilomita 14, na mwingine kilomita 11. Mimi nilikuwa wa tatu. Nikasema tairi zitafuata kilomita, si cheo, na atakayezipata ahesabiwe amepokea pamoja na wajibu: kipindi cha kwanza asichelewe tena.

Walikaa kimya, kwa sababu wote walijua kwamba kwa kanuni ile mwalimu mkuu mwenyewe hapati kitu. Yule wa kilomita 14 alipokea tairi zake mbili kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Jioni nilirudi nyumbani na ile tup, tup yangu. Mke wangu akatazama keria, haikuwa na kitu. Akauliza, "Mgawo haukuja?" Nikamwambia ulikuja. Akatazama tairi langu lililoshonwa, akanitazama mimi, akasema, "Basi wewe ni mwalimu mkuu kweli," na mpaka leo sijui kama alinisifu au alinilaumu. Lakini kikao cha wiki iliyofuata kilianza bila manung'uniko, na mwalimu wa Hisabati hakuchelewa kipindi cha kwanza muhula mzima.

Nirudi kwenye vikorokoro. Keria ni kiti cha nyuma ambacho wengine hukitumia kubebea abiria. Mwalimu hubebea madaftari. Madaftari 120 ya kusahihisha ni mzigo wa kilo kumi na zaidi, na mzigo ukilegea baiskeli hutikisa mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kamba ya katani hukatika na hukata majalada. Ukanda uliokatwa kutoka tyubu kuukuu hubana vizuri, haukati, na haugharimu kitu. Kwa mvua, nilikuwa na mfuko wa mbolea, ule wenye nailoni kwa ndani, nilioufua mara tatu mpaka harufu ikatoka. Madaftari yaliingia humo, mdomo ukakunjwa mara mbili, ndipo yakafungwa. Mimi niliweza kulowa, nina ngozi. Daftari la mtoto aliyeandika kwa wino likilowa, kazi yake ya muhula imeondoka, wala hana shilingi ya kununulia jingine. Masika yote nilikuwa pia na kijiti cha mpingo nilichokichonga bapa, cha kukwangulia udongo chini ya madigadi. Ukikwangua mapema, kila baada ya hatua mia mbili, unaendelea. Ukingoja mpaka gurudumu ligome, umekwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mavazi nayo ni vifaa. Nilivaa kibanio kwenye mguu wa kulia wa suruali, kwa kuwa mnyororo uko upande huo nao hauna huruma na pindo. Shati la kufundishia lilikunjwa ndani ya mfuko pamoja na kitambaa cha kujifutia, na nililivaa nikifika. Wapo waliosema ni maringo. Lakini tulikuwa tukiwakagua watoto kucha, meno na sare kila asubuhi. Mwalimu mwenye mafuta ya mnyororo kwenye mguu wa suruali atamwambia nini mtoto aliyetembea kilomita tano pekupeku akafika safi?

Mwaka 1987 tulipata mwalimu wa kike aliyekuja na baiskeli ya kike, ile isiyo na bomba la juu, yenye kava kamili la mnyororo na wavu juu ya gurudumu la nyuma ili sketi isinaswe. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba vifaa hivyo si urembo. Bila kava na wavu, mwanamke aliyevaa kwa heshima ya kijiji kile asingeweza kupanda. Hata hivyo maneno yalifika kwenye kamati ya shule: mwanamke juu ya baiskeli, tena mwalimu, ni mfano gani kwa mabinti? Kabla sijajibu, mzee mmoja mjumbe, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, aliomba nafasi. Akasema, "Kwake na hapa ni mbali. Mnataka atoke saa ngapi gizani kwa miguu? Na akichelewa, watoto wa nani watakaa bila kufundishwa?" Agenda ikafungwa. Baada ya miaka michache niliona mabinti wawili wa kijiji kile wakiendesha baiskeli kwenda sokoni, kanga zimefungwa vizuri, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mwaka 1991, mwezi wa Septemba, wakati wa mtihani wa Darasa la Saba, yule mwalimu wa Hisabati wa kilomita 14 alichelewa kuondoka shuleni. Jua lilikuwa limezama. Njia yake ilipita kilomita kadhaa kwenye barabara kuu ya malori. Alikuwa mpanda baiskeli mzuri kuliko sisi sote. Tairi zilikuwa nzima, mnyororo umepakwa mafuta, mzigo umefungwa kama inavyotakiwa. Taa ya mbele alikuwa nayo, inayoendeshwa na dainamo. Nyuma hakuwa na kitu. Lori lilitokea nyuma yake.

Tulimzika kesho yake kwao. Madaftari yake yaliletwa shuleni yakiwa ndani ya mfuko wa mbolea, makavu, mafundo ya mpira hayajalegea. Dereva hakukimbia, alisimama, na alimpeleka hospitali ingawa haikusaidia. Nilimkuta ameketi chini kwenye korido ya hospitali. Alikuwa na neno moja tu, akilirudia: "Sikumwona. Mzee, sikumwona." Nilimwamini. Nimelifikiri neno hilo kwa zaidi ya miaka 30. Mpanda baiskeli hununua taa ya mbele kwa ajili ya macho yake mwenyewe, ili aone njia. Kitu cha nyuma hununua kwa ajili ya macho ya mtu asiyemjua, na kwa sababu hiyo hukiahirisha. Tena dainamo ina kasoro yake: hutoa umeme gurudumu linapozunguka, kwa hiyo ukisimama au ukisukuma, taa hufa, na wewe unabaki sehemu ya giza. Kioo chekundu kinachorudisha mwanga hakihitaji betri wala gurudumu. Hudumu miaka, na bei yake haifiki ya sahani ya wali hotelini.

Wiki ile hatukuwa na fedha za vioo kwa wote. Lakini stoo kulikuwa na kopo la rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka magoli ya mpira. Baiskeli nyingi za zamani za Kiingereza na za Kihindi zilikuja na kipande cheupe chini ya madigadi ya nyuma, na sisi tulikiona ni pambo, tukakiacha kichakae. Nikawaita walimu na wanafunzi wenye baiskeli. Tukazipanga uwanjani, zilikuwa 23, na fundi wa kijiji akapaka kila moja kipande cheupe cha urefu wa kiganja na vidole vyake. Vioo vyekundu tulivinunua baadaye, kimoja kimoja, kila mara mtu alipokwenda Nzega. Kanuni ikawa kwamba baiskeli isiyo na cheupe nyuma hailali shuleni wala haitoki shuleni jioni. Watu wa vijiji jirani walitutania kwamba baiskeli zetu zina mikia ya digidigi. Tuliacha watanie. Mpaka nastaafu hatukumpoteza mwingine.

Nyakati zimebadilika. Barabara ile kuu imewekwa lami, malori ni mengi na yana mwendo mkali. Miaka ya 2000 ilipokuwa inaelekea ukingoni pikipiki za Kichina zilijaa, bodaboda ikafika hadi kwenye vijiji ambavyo hata gari la mnada lilikuwa likivikwepa. Sitasema ni vibaya. Pikipiki imemfikisha hospitali mama mjamzito ambaye sisi tungempakia kwenye keria. Lakini imekuja na deni.

Mwaka 2023 alinijia binti mmoja, mwalimu mpya, amepangiwa shule iliyo kilomita 8 kutoka alikopanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu kiti."

Akanieleza kwamba kuna mtu yuko tayari kumkopesha fedha za pikipiki, ile mikopo ambayo siku hizi watu huiita kausha damu, naye alitaka ushauri. Nikachukua karatasi, maana mwalimu hata akistaafu hawezi kufikiri bila karatasi. Tukaandika marejesho ya kila mwezi, petroli ya kila wiki, oili, tairi, bima. Tukatoa kwenye mshahara. Kilichobaki alikitazama muda mrefu.

"Lakini babu," akasema, "mwalimu wa siku hizi na baiskeli? Wanafunzi watanicheka."

"Wanafunzi watacheka siku tatu," nikamwambia. "Deni litakucheka miaka mitatu."

Nilimwambia pia ukweli wa upande wa pili. Kilomita 8 za njia ya kijiji ni za baiskeli. Zingekuwa 20, au zingekuwa kwenye lami ya malori muda wote, ningemwambia asubiri, adundulize, anunue pikipiki kwa fedha yake. Baiskeli si dini. Kisha nikamwandikia orodha ya vikorokoro, kuanzia kioo chekundu, kwa sharti kwamba anunue baiskeli ya bei nafuu kidogo ili orodha ipatikane yote siku ile ile, si "mwezi ujao".

Alirudi baada ya miezi mitatu kunisalimu, na baiskeli yake niliikagua kama nilivyozoea. Orodha yangu alikuwa ameikosoa. Dainamo hakufunga; alikuwa na taa ndogo mbili za kuchaji kwa jua, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na ile ya nyuma ikimetameta hata baiskeli ikiwa imesimama. Kichwani alivaa kofia ngumu, kitu ambacho sisi hatukuwahi kukiona dukani. Kuhusu vicheko, akasema vilikwisha siku ya pili, na sasa wanafunzi wawili hugombania nani amsafishie mnyororo. Kioo chekundu alikuwa nacho pia. "Hiki ni cha siku taa itakapoisha chaji, babu," akasema. Nilifurahi kuliko siku nilizotunukiwa vyeti.

Ndugu msomaji, ikiwa nawe unaamka gizani kuiwahi kazi kwa baiskeli, au una mwanao anayefanya hivyo, sina siri kubwa ya kukupa. Usiku kabla hujalala bonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba. Zungusha pedali usikilize mnyororo. Angalia kama viraka vipo na solusheni haijakauka ndani ya tyubu yake. Kisha mwombe mtu akumulike tochi kutoka nyuma, akiwa mbali hatua hamsini, na umuulize anaona nini. Akisema haoni kitu, kesho usipande mpaka utafute rangi nyeupe.